Abiria Mmoja Bado Njiani

Bunia, 3 Februari 2025

Ya Mathieu,

Hunijui; nakuita Ya, yaani kaka, kwa heshima. Naitwa Kahindo, nafanya kazi kwenye bureau, ofisi ya agence ya magari ya Bunia–Mongbwalu, ile ambayo weye uliitengenezea programme ya abiria kwenye kompyuta. Namba zako tatu za simu tulizo nazo hapa hazipiti. Anwani hii ya barua pepe nimeikuta ndani ya programme yenyewe, juu kabisa, ulipoandika jina lako na maneno "kama kuna shida niandikie". Basi shida iko, nami nakuandikia.

Patron wa zamani, mwenye agence, aliiuza. Sasa tuko na Papa Jérôme, ambaye alikuwa chauffeur, dereva, miaka mingi na anapenda kujua mambo. Kila jioni anasoma journal, yaani ile orodha ambayo programme inajiandikia yenyewe, mstari kwa mstari, gari likitoka na gari likifika. Anasema journal yetu ni kama mtu anayejibu "sawa" kabla hujamaliza kuuliza. Na ni kweli. Kila siku inaandika hivi:

14:20. Gari 2. Safari imefungwa. Abiria wote wamefika.

Hata safari ile gari lilipokwama kwenye matope na watu wakatembea kwa miguu, iliandika vilevile. Papa Jérôme anataka kila abiria awe na mstari wake: jina, alishuka wapi, saa ngapi, nani alimwona akishuka. Informatique, mambo ya kompyuta, nilisoma miaka miwili tu, lakini maelezo naweza kuyafuata. Format, yaani muundo wa journal, inabadilishwa wapi? Na mistari ya zamani, je, inaweza kuandikwa upya kwa format mpya?

Pole kwa usumbufu.

Kahindo


Kisangani, 5 Februari 2025

Dada Kahindo,

Sikutegemea mtu yeyote angesoma ile programme mpaka juu kule nilipoandika jina. Umenifurahisha. Siku hizi nafundisha kompyuta kwenye shule moja hapa, na wanafunzi wangu hawasomi hata ubao.

Jambo lako si gumu. Elewa kwanza kwamba programme inaona mengi kuliko inayosema. Gari likifika, inapokea kila kitu ambacho chauffeur ametuma kwa simu yake: jina, mahali, saa, hata maneno yake kama aliandika. Format ndiyo inayoiambia iseme kipi na inyamazie kipi. Fungua faili la journal.conf, shuka mpaka mstari wa kumi na mbili. Utakuta sentensi ile ya "abiria wote wamefika" imeandikwa kama maneno makavu. Iondoe. Mahali pake weka majina ya vitu unavyotaka, kila kimoja ndani ya mabano kama nilivyofanya mstari wa juu yake: saa, gari, abiria, hali, mahali, shahidi. Fanya nakala ya faili kabla hujaligusa.

Mistari ya zamani iache. Kile ambacho format haikukitaja siku ile kilipotea, hakuna namna ya kukirudisha.

Mvua imeanza huko? Nimekumbuka vumbi la Bunia, jambo ambalo sikudhani ningelikumbuka.

Mathieu


Bunia, 20 Februari 2025

Ya Mathieu,

Asante, imekubali. Jana iliandika: "14:31. Gari 2. ELISABETH. Amefika Nizi. Amepokewa na mume wake, chauffeur ameona." Papa Jérôme alisoma mstari huo mara mbili, akasema sasa mashine inaongea kama mtu aliyekuwa ndani ya gari.

Lakini kuna kitu kingine. Miye ndiye nafungua bureau. Kila asubuhi nikiwasha mashine, kabla gari lolote halijaandikishwa, kabla hata sijagusa kitu, inaandika mstari mmoja:

06:45. Gari 4. VAHWERE. Bado njiani. Siku 617.

Jana ilikuwa siku 616. Juzi 615. Kesho najua itaandika ngapi. Gari 4 lenyewe haliko tena, liliuzwa likapelekwa Boga. Siku ya kwanza nilidhani nimeharibu kitu. Siku ya tatu nilifunika écran, kioo cha mashine, kwa kitenge mpaka watu walipoanza kuingia. Sasa siifuniki tena. Nakaa nayo.

Ni nini hiki? Huyo Vahwere unamkumbuka?

Kahindo


Kisangani, 22 Februari 2025

Dada Kahindo,

Ni kosa dogo la programme. Kila asubuhi inakagua kama kuna safari ambayo haikufungwa vizuri. Format ya zamani ilikuwa inajibu ukaguzi huo kwa maneno "hakuna la kuripoti", ndiyo maana hukuona kitu. Majina ya namna hiyo hubaki kwenye mashine kama vumbi.

Kumwondoa ni rahisi. Ingia sehemu ya abiria, tafuta jina, penye "hali" andika "amefika", hifadhi. Hataonekana tena. Si lazima umsumbue Papa Jérôme kwa jambo kama hili.

Mathieu


Bunia, 23 Februari 2025

Ya Mathieu,

Sikuandika "amefika".

Vahwere ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa fundi wa redio na panneau za umeme wa jua. Tarehe 14 Juni 2023 alipanda gari 4 kwenda Mongbwalu, na simu yake haikuita tena. Tulipokuja kuuliza, patron wa zamani alitoa karatasi kwenye imprimante, mashine ya kuchapa, akampa mama. "Abiria wote wamefika." Akasema, mama, mtoto yako alifika, labda ameingia kwenye mashimo ya dhahabu, vijana ni vile, atarudi. Mama yangu, Mama Mbambu, aliifunga karatasi ile ndani ya Biblia. Tangu siku hiyo hataki matanga. Wajomba walikuja kutoka Butembo kumwambia tulie basi, tumalize. Aliwafukuza. Akawaambia, hamtalia mtu aliyefika.

Kazi hii niliiomba miezi tisa iliyopita kwa sababu hapa ndipo jina lake liliandikwa mara ya mwisho. Papa Jérôme alikuwa anataka kweli kubadilisha journal, hapo sikukudanganya. Lakini hata kama asingetaka, ningekuandikia.

Nilikuuliza kama unamkumbuka. Hukujibu. Tena hukuuliza lolote. Mtu akiambiwa kuna jina la abiria aliye njiani siku mia sita, atauliza: ni nani huyo, alipatikana? Weye ulinifundisha namna ya kumfuta.

Nimeendelea kusoma lile faili. Chini kabisa kuna sehemu mbili ambazo programme inaandikia. Moja ni journal. Ya pili inaitwa "yote". Iko hapa, kwenye mashine kuukuu chini ya meza, na iliandika kila kitu bila kuchagua mpaka Juni 2023. Inataka neno la siri.

Nipe.

Kahindo


Bunia, 9 Machi 2025

Ya Mathieu,

Siku 634.

Kahindo


Kisangani, 15 Machi 2025

Dada Kahindo,

Neno la siri liko mwisho wa barua hii. Ningeliweka mwanzoni, usingesoma haya, na nataka uyasome.

Siku ile, yapata saa nane mchana, Willy alinipigia simu. Willy ndiye alikuwa anaendesha gari 4. Alikuwa amekwisha fika Mongbwalu. Alisema walipovuka daraja la pili walisikia risasi, abiria wakaruka na kukimbilia vichakani. Baadaye aliwakusanya, mmoja akakosekana. Aliita, akapiga honi, wengine wakamlilia aondoke, akaondoka. Sasa programme ilikuwa inamkatalia. Niliitengeneza hivyo mwenyewe: abiria mmoja akikosa, safari haifungwi, na safari isipofungwa gari haliruhusiwi kuandikisha watu wa kurudi. Nje kulikuwa na watu thelathini wakitaka kupanda, kwa sababu habari za risasi zilikuwa zimefika. Wanawake wenye watoto. Willy alikuwa anasema, "Mathieu, fungua, fungua, nifanye nini?"

Nilimwambia, ngoja, nitaifunga miye kutoka hapa. Sikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba mdogo wako amefika. Basi nilizima ukaguzi wa kufunga safari, na nikabadilisha format. Nikaondoa majina, nikaweka sentensi moja. Dakika mbili. Willy akapakia watu, akawaleta Bunia wote salama. Nilijiambia jioni nitarudisha.

Jioni patron alisoma journal, akaipenda. Akasema, hivi ndivyo wateja wanataka kusoma, iache. Nikamweleza kuna mtu amekosekana. Akasema tutaulizia. Nikaiacha.

Siku mlipokuja nilikuwepo. Nilikuwa nimeinama nyuma ya meza na kebo mkononi. Mama yako alipopewa karatasi aliipapasa kwa kidole, polepole, kama mtu asiyejua kusoma, ingawa niliona midomo yake inasoma. Niliendelea kuunganisha kebo. Baada ya wiki tatu niliondoka Bunia.

Simu yangu ya sasa haina mlio. Niliuzima kwa sababu kila ikiita nasikia kwanza sauti ya Willy, ndipo ya yule anayepiga. Ulipotaja siku 617, nilijua kwamba ndani ya mashine sikuwahi kumfunga. Nilibadilisha maneno tu. Programme yenyewe imeendelea kumhesabu kila asubuhi, na format yangu ikawa inaifunga mdomo.

Neno la siri ni willygari4.

Mathieu


Bunia, 2 Aprili 2025

Ya Mathieu,

Mstari ulikuwepo. Willy alikuwa ameandika: "Moja amekosa. Alikimbilia kushoto, kwenye shamba la mihogo baada ya daraja la pili. Ana koti la bluu. Natafuta mtu wa kurudi kumwangalia."

Nilimwonyesha Papa Jérôme. Alivua kofia, akaenda kumtafuta Willy. Willy anaendesha camion, lori la mbao, siku hizi. Alikuja siku ileile, hakuuliza atalipwa nini. Tulikwenda watatu, asubuhi, barabara ikiwa imetulia.

Kwenye lile shamba tulikuta mama mmoja anayeitwa Dorothée. Willy alipotaja koti la bluu, aliweka jembe chini, akasema, "Niliwangoja sana." Akatupeleka nyuma ya nyumba yake. Kaburi lina mawe pembeni, na amelipalilia. Hakumjua mtu yule alikuwa mtoto wa nani, lakini alilipalilia.

Risasi ilimpata alipokuwa anakimbia. Alikufa palepale, hakupata taabu. Nataka ulijue hilo.

Nilimwambia mama. Hakulia. Alifungua Biblia, akatoa karatasi, akaiweka motoni chini ya sufuria, akaendelea kupika. Kesho yake akawaita watu. Tumefanya matanga siku tatu. Wajomba walikuja tena, na mara hii hakuna aliyefukuzwa.

Jina bado linatoka asubuhi. Nimeliacha.

Kahindo


Bunia, 20 Aprili 2025

Mutoto yangu Mathieu,

Miye ni Mama Mbambu, mama ya Vahwere. Kuandika kwa mashine sijue, iko Suzanne wa chorale ya kanisa ananiandikia. Nilimuambia aandike vile ninasema, asinitengenezee maneno.

Nilimuuliza Kahindo, "Ulimuambia Mathieu nini?" Akasema, "Nilimuambia Vahwere alikufa palepale." Nikamuuliza, "Juu ya nini ulimudanganya?" Akasema, "Juu Mathieu iko peke yake kule Kisangani, mama."

Haiko vile. Vahwere aliishi siku mbili. Risasi ilimupiga kwa mguu, juu ya goti. Dorothée alimukokota mpaka kwa nyumba, akamufunga na kitenge. Vahwere alimupa ticket yake ya gari, akasema, "Tuma kwa agence, bantu ya agence batakuja kunibeba na gari." Dorothée akatuma muntu wa moto, ya pikipiki, mpaka Bunia na ile ticket. Kule bureau bakaangalia kwa mashine. Mashine inasema abiria wote wamefika. Bakamuambia, "Basi huyo haiko wetu." Muntu wa moto akarudi na ticket kwa mukono.

Dorothée anasema Vahwere alikuwa bado anasikia vizuri. Alisikia ile jibu. Alisema, "Bamekosea. Batakuja." Siku ya pili asubui akaisha. Ile ticket niko nayo.

Sikuandikie juu ya kukuhukumu. Kama nitakusamehe, bado sijue. Pasteur anasema nisamehe, nilimuambia naye angojee. Nakuandikia juu miye nilipewa karatasi nzuri, nikaishi nayo karibu miaka mbili. Nilikuwa nabakisha chakula yake kila siku. Nilikataza bantu kulia kwa nyumba yangu. Ile karatasi nzuri ilinikula. Kahindo naye alikupa ingine ya vile, na roho yake ni nzuri, lakini miye nimekataa. Ujue vile ilikuwa.

Sasa kuja Bunia. Jina yake ingali inatoka kwa mashine. Kahindo anakataa kuifunga, anasema haiko yeye aliiacha wazi. Kuja ufunge weye mwenyewe. Nitakupikia. Kama siongei na weye, usifazaike, kula tu.

Mama Mbambu


Kisangani, 4 Mei 2025

Mama,

Nimesoma. Nimesoma tena leo. Nitaomba ruhusa shuleni, nije mwanzo wa Juni.

Mathieu


Bunia, 10 Juni 2025

Ya Mathieu,

Uliondoka asubuhi mno, hatukuagana. Papa Jérôme anasema alikuona umesimama kwenye parking kabla magari hayajapangwa, na hukutaka chai. Basi nakuandikia yale ambayo ningeyasema.

Kwanza uongo wangu. Mama alikuambia ni roho nzuri. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka nibaki na kitu ambacho miye nakijua na weye hukijui, kama weye ulivyobaki nacho wakati miye nakaa kwenye kiti chako cha zamani nikitafuta. Siku zile kumi na nane nilizokificha zilikuwa mbaya kuliko nilivyofikiri. Sijui weye ulizibebaje zako.

Pili, mama. Najua ulihesabu: saa mbili kwenye meza, na hakukuambia neno. Sombe, yale majani ya mihogo, ilipoa mbele yako, ukala hivyo hivyo. Nami nilikuwa naosha sahani nikiomba aseme chochote, hata cha kukuumiza. Alipouliza lile swali, nilisimama mlangoni. "Huyo Willy, siku alikupigia simu, alikuwa analia?" Ukasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa analia." Akasema, "Basi kulikuwa na muntu moja alimulilia ile siku." Kisha akakuongezea samaki. Tangu uondoke amelitaja jambo hilo mara nne. Hajasema kama amekusamehe. Lakini jana alimpelekea mke wa Willy unga wa mihogo.

Tatu, ile kazi yenyewe. Ulipofungua sehemu ya abiria mbele yetu, niliona mkono wako unasimama. Kuna maneno matatu tu uliyokuwa umeipa programme: anangoja, njiani, amefika. Hukuwa umefikiria kwamba kuna mtu hata mmoja anaweza kuhitaji neno la nne. Nimewaza baadaye kwamba nami, kama ningeitengeneza miye, nisingelifikiria. Ulipomgeukia mama ukauliza aandikwe vipi, nilidhani atasema neno la kanisa. Alisema, "Andika vile ilikuwa. Hakufika. Alingoja siku mbili." Ukaandika. Ukahifadhi. Mashine haikufanya chochote cha ajabu, ilirudi tu kwenye orodha.

Tangu uondoke nilimwachia Papa Jérôme kufungua bureau. Leo asubuhi nilirudi, mapema kuliko kawaida. Niliwasha mashine, nikavuta kiti, nikangoja saa moja kasoro robo. Haikuandika kitu. Nikangoja tena, labda imechelewa. Kwenye matanga sikulia, Ya Mathieu, kwa sababu kila siku kulikuwa na kesho yake ambayo jina lake lingetoka na namba imeongezeka, na kwangu hiyo ilikuwa kama kupigiwa simu. Leo ndipo nimelia. Nililia mbele ya écran tupu mpaka niliposikia watu wanafungua geti.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mzigo wa ndizi, anaenda Mongbwalu kwa dada yake. Nilimuuliza jina. Alilisema haraka, nusu yake ikapotea kwenye kelele za moteri nje. Nikamwomba alirudie. Nikalifuta nililoandika, nikaliandika upya, herufi kwa herufi, na nikamuuliza ni nani atakayempokea.

Kahindo